Makosa Mawili Yaliyokubaliana: Kisa cha Kupima Gesijoto Mtoni

Kisa hiki kinahusu mto mmoja wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Majina ya mto, wilaya, skimu na taasisi zilizohusika yameondolewa, na takwimu za vituo zimezungushwa ili mahali pasitambulike. Hesabu zenyewe zimeachwa wazi, na msomaji mwenye kalamu na kikokotoo anaweza kuzirudia zote.

Usuli

Watu wengi wakisikia gesijoto hufikiria moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa. Mto haumo kwenye orodha hiyo, ingawa mito mingi hutoa gesi mchana na usiku. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua kaboni dioksaidi iliyotolewa na mizizi na vijidudu vya udongo, kisha huibuka kwenye chemchemi na vijito yakiwa yameibeba kupita kiasi cha uwiano na hewa, yaani kiasi ambacho maji hubaki nacho yakisawazika na hewa iliyo juu yake. Majani yaliyoanguka, udongo uliomomonyoka na kinyesi cha mifugo huoza njiani na kuongeza nyingine. Palipo na tope zito lisilofikiwa na oksijeni hutengenezwa methani. Penye mbolea nyingi ya naitrojeni hutoka nitrasi oksaidi.

Si kiasi kidogo. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2013 yaliweka kaboni inayotoka kwenye mito na vijito kuwa karibu tani bilioni 1.8 kwa mwaka, ikiwa kaboni dioksaidi pekee. Methani ya mito ilikadiriwa mwaka 2023 kuwa karibu tani milioni 28 kwa mwaka. Kwa upande wetu, kazi ya mwaka 2015 iliyokusanya vipimo vya mito 12 ya Afrika kusini mwa Sahara ilionyesha kuwa maji ya bara hili hayawezi kuachwa nje ya hesabu ya kaboni.

Mto wa kisa hiki unaanzia msituni, unapita mashamba ya chai, mahindi na malisho, kisha unafika kwenye banio (ukuta unaozuia maji mtoni) la skimu ya mbogamboga, kwenye mwinuko wa mita kama 1,750. Nyuma ya banio maji yametuama kiasi na kuwa bwawa jembamba lenye tope, urefu wa mita mia kadhaa. Chini ya skimu kuna kinamasi cha mafunjo. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya asidi za majani, na chumvi zake ni chache sana: kipimo cha upitishaji umeme hakifiki 50 µS/cm. Sifa hizo mbili, rangi na uchache wa chumvi, ndizo zilizokuja kuwatesa wapimaji.

Skimu ilitaka kuinua banio ili kuhifadhi maji zaidi, na ofisi ya bonde ikaomba takwimu za msingi kabla ya ujenzi. Swali lilikuwa fupi: mto huu unatoa gesijoto kiasi gani, na wapi hasa? Kazi ikapewa kikundi cha watu wanne: mtaalamu wa maji, fundi wa maabara na wasaidizi wawili wa uwandani. Hawakuwa na mashine ya kuchanganua gesi. Walikuwa na kipimio cha pH (kiwango cha asidi), kipimio cha oksijeni, vifaa vya kupima ualkali (uwezo wa maji kumeza asidi) na gari siku mbili kwa wiki.

Hatua ya kwanza: kukokotoa badala ya kupima

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukadiria kaboni dioksaidi kwa njia ya pH na ualkali. Sababu yao ilikuwa ya maana. Vifaa vilikuwapo, njia imo katika vitabu vyote vya kemia ya maji, na vituo kumi vingeweza kupimwa kwa siku moja. Ukijua pH, ualkali na joto la maji, kemia inakupa kiasi cha kaboni dioksaidi iliyoyeyuka.

Ualkali ulipimwa kwa kudondoshea asidi haidrokloriki ya moli (kizio cha kiasi cha kemikali) 0.01 kwa lita katika mililita 100 za maji. Kituo cha nne, mita 200 juu ya banio, kilimeza karibu mililita 3, yaani mikromoli (sehemu za milioni za moli) 300 kwa lita. pH ilisomwa 6.6 na joto nyuzi 20. Hesabu ikatoa mikromoli 181 za kaboni dioksaidi kwa lita, sawa na shinikizo la karibu mikroatmosfea 4,600. Maji yaliyo katika uwiano na hewa ya mwinuko ule yangekuwa na mikromoli 13 tu.

Ili kupata gesi inayotoka, ziada hiyo huzidishwa kwa kasi ya gesi kuvuka uso wa maji. Kasi hii hutajwa kwa mita kwa siku. Ikiwa ni mita 2 kwa siku, maana yake ni kama safu ya maji ya kina cha mita 2 inamwaga ziada yake yote hewani kila siku. Kikundi kilitumia mlinganyo wa O'Connor na Dobbins wa mwaka 1958, ambao kwa joto la nyuzi 20 ni 3.93 mara kipeuo cha pili cha mwendo wa maji uliogawanywa kwa kina. Mwendo ulikuwa mita 0.2 kwa sekunde na kina mita 0.8. Jibu: karibu mita 2 kwa siku. Mlinganyo huo ulitungwa kwa oksijeni, ila kwa kaboni dioksaidi kwenye nyuzi 20 tofauti ni ndogo, na mto huu ulikuwa ndani ya mipaka ya kina na mwendo ambayo mlinganyo unafaa. Hapa hawakukosea.

Mikromoli 168 za ziada kwa lita ni milimoli 168 kwa mita ya ujazo. Mara mbili ni milimoli 336 za kaboni dioksaidi kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Methani walipima kwa sampuli chache zilizopelekwa chuo kikuu chenye mashine, zote zikiwa za maji yaliyochotwa darajani mchana. Kituo cha nne kilikuwa na karibu mikromoli 1 kwa lita. Hiyo ni mara mia nne ya kiwango cha uwiano na hewa, ingawa ukiizidisha kwa mita 2 unapata milimoli 2 tu kwa mita ya mraba kwa siku. Ikaandikwa kwenye rasimu kwamba methani si tatizo la mto huu.

Hatua ya pili: chemba inayothibitisha

Mkuu wa kikundi hakutaka kuwasilisha namba za kukokotoa tupu. Zikanunuliwa vihisi viwili vya bei nafuu vya kaboni dioksaidi vinavyotumia mionzi ya infraredi, na zikatengenezwa chemba za beseni la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 36, lililopinduliwa na kuzungushiwa tyubu ya tairi ili lielee. Beseni lilifunikwa kwa karatasi ya aluminiamu ili jua lisilichemshe. Kingo zake zilizama sentimita 2 hadi 3, na juu ya maji ilibaki nafasi ya hewa ya lita 12.

Mtoni, beseni lilifungwa kamba darajani na kuachwa lisimame huku maji yakipita chini yake. Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa: kikundi hakikuwa na mtumbwi, na beseni lenye kifaa cha thamani ndani yake hakuna anayetaka kuliona likienda na mkondo.

Kihisi kilionyesha gesi ikipanda kwa ppm (sehemu kwa milioni) 55 kwa dakika. Kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa ni karibu atmosfea 0.81, kwa hiyo lita 12 zina moli 0.404 za hewa. Ukizidisha 55 kwa 0.404 unapata mikromoli 22 kwa dakika. Ukigawanya kwa eneo la mita za mraba 0.1 na kuzidisha kwa dakika 1,440 za siku, unapata milimoli 320.

Hesabu 336, kipimo 320. Tofauti haifiki asilimia 5.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya uwandani anajua furaha ya namba mbili kukutana hivyo. Rasimu ya ripoti ikaandikwa wiki hiyohiyo. Pendekezo kuu lilikuwa kupanda miti kando ya vijito vya juu, kwa hoja kwamba kaboni dioksaidi ndiyo karibu gesi yote na chanzo chake ni udongo wa mashamba.

Shaka lilipoingilia

Kilichozuia ripoti ni safu moja ya jedwali ambayo hakuna aliyeipa uzito: oksijeni. Fundi wa maabara, akikagua karatasi kabla ya kuzipeleka, aliona kituo cha nne kina asilimia 85 ya oksijeni ambayo maji yangeweza kushika. Kwa nyuzi 20 na mwinuko ule, maji yaliyojaa hushika miligramu 7.3 kwa lita. Pungufu basi ni miligramu 1.1, sawa na mikromoli 34.

Vijidudu vikioza kitu hula oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi kwa uwiano unaokaribia moja kwa moja. Maji ya chini ya ardhi huleta kaboni dioksaidi ya ziada, kwa hiyo si ajabu ziada hiyo ikazidi pungufu la oksijeni mara moja na nusu au mbili. Hapa ilizidi mara tano, na hapakuwa na chemchemi kubwa karibu. Aliuliza tu: hii mikromoli 168 inatoka wapi?

Uamuzi uliofuata ndio mgumu kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imebaki siku tisa. Mkuu wa kikundi aliomba wiki sita za nyongeza na kurudia vituo vitatu tu badala ya kumi, kwa njia mbili zikienda sambamba kila mahali. Kurudia vyote kumi kwa njia ileile kungeleta namba zilezile na uhakika wa uongo zaidi.

Kupima upya: kaboni dioksaidi

Walianza na njia ya kutikisa maji na hewa ndani ya sirinji, ambayo haitegemei pH hata kidogo.

1. Simama upande maji yanakoelekea, mkono ukinyooshwa kuelekea yanakotoka. Miguu ikikanyaga tope juu ya mahali unapochota, viputo vya methani vinaingia kwenye sampuli.
2. Vuta mililita 30 za maji katika sirinji ya mililita 60 yenye koki ya njia tatu, ikiwa chini ya uso wa maji. Fukuza kila kiputo.
3. Vuta mililita 30 za hewa safi mbali na pumzi za watu na moshi wa gari. Weka sampuli ya hewa hiyo kwenye kichupa cha peke yake, kwani itahitajika kwenye hesabu.
4. Funga koki, zamisha sirinji kwenye ndoo ya maji ya mto ili joto lisibadilike, kisha tikisa kwa nguvu dakika mbili.
5. Mwaga maji, bakisha gesi, na isukume ndani ya kichupa cha mililita 12 kilichoondolewa hewa. Sukuma mililita 20 au zaidi, ili kichupa kiwe na shinikizo. Kikivuja njiani kitavujisha kwenda nje, na hewa ya barabarani haitaingia.

Faida nyingine ya kutenganisha gesi palepale ni kwamba hakuna haja ya kubeba kloridi ya zebaki ya kuua vijidudu kwenye sampuli za maji. Sumu hiyo ndani ya gari linalopita njia za mashimo ni hatari isiyo na sababu.

Mashine ilisoma karibu ppm 1,320 kwa kituo cha nne. Namba hii ikichukuliwa ilivyo ni kosa, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi ya mto na hewa iliyoongezwa. Kwa nyuzi 20, uwezo wa maji kushika kaboni dioksaidi ukilinganishwa na hewa ni 0.94 kwa 1. Ukirudisha hesabu nyuma, ukiondoa mchango wa hewa ya ppm 420 na kuzingatia shinikizo la 0.81, maji ya mwanzo yalikuwa na mikroatmosfea 1,850, wala si 4,600. Kwa maji yenye ualkali mkubwa na gesi kidogo, hesabu hii huhitaji marekebisho ya bikaboneti, yaani kaboni iliyomo majini kama chumvi. Hapa yalikuwa madogo.

Tofauti ilitoka wapi? Sehemu kubwa ni pH. Elektrodi, yaani ncha ya kipimio, ilirekebishwa kila asubuhi kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) ya 7 kisha ya 4, ikasuuzwa na kuingizwa mtoni. Bafa zina chumvi tele na elektrodi huzijibu kwa sekunde chache. Maji yenye chumvi chache huijibu polepole mno, na elektrodi iliyotoka kwenye 4 ilikuwa bado inapanda wakati kipimio kinaonyesha alama ya kutulia. Ilipoachwa dakika kumi na mbili ndani ya maji yanayotiririka taratibu, usomaji ulisogea kutoka 6.6 hadi 6.9. Mkengeuko wa 0.3 unaonekana mdogo, lakini kipimo cha pH ni cha logi, na 0.3 humaanisha mara mbili kamili. Kwa 6.9 hesabu inatoa mikroatmosfea 2,300.

Kilichobaki, kutoka 2,300 hadi 1,850, kilielezwa na rangi ya maji. Asidi za majani nazo humeza asidi ya kudondoshea, kwa hiyo sehemu ya ile mikromoli 300 haikuwa bikaboneti. Sehemu hiyo haikupimwa moja kwa moja. Ilikisiwa kutokana na tofauti kuwa karibu mikromoli 60. Kwa mito ya maji meusi ya misitu, kama ile ya bonde la Kongo, kasoro hii huwa kubwa zaidi ya hapa, na wataalamu wameacha kuamini pH na ualkali peke yake kwa maji ya aina hiyo.

Chemba nayo ikajaribiwa upya. Moja ilifungwa kamba kama zamani. Nyingine iliachiwa ielee na mkondo kwa dakika kumi huku msaidizi akitembea ukingoni na kamba iliyolegea. Kwa mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde beseni husafiri mita 120, kwa hiyo bwawa lilitosha. Mizunguko sita ya kuelea ilitoa kati ya ppm 19 na 24 kwa dakika, wastani 21, yaani milimoli 122. Iliyofungwa ilitoa 50 na kitu, kama mwanzo.

Beseni lililosimama wakati maji yanakwenda huwa kama jiwe mtoni: kingo zake hukata mkondo na kuzua msukosuko chini ya hewa unayoipima, na msukosuko ndio unaong'oa gesi majini. Linaloelea pamoja na maji haliongezi chochote cha maana. Kwa upande wa sirinji, ziada ya mikromoli 59 mara mita 2 inatoa 118. Mia moja kumi na nane na mia moja ishirini na mbili, safari hii kwa njia mbili ambazo hazina udhaifu unaofanana. Ziada hiyo ikilinganishwa na pungufu la oksijeni la 34 ni mara 1.7, na swali la fundi likapata jibu.

Kupima upya: viputo

Methani huyeyuka kwa shida. Ikizidi ndani ya tope hujikusanya kuwa viputo na kupanda hewani bila kupitia hesabu yoyote ya gesi iliyoyeyuka. Sampuli ya maji haiioni. Ile sentensi ya kwamba methani si tatizo iliandikwa na watu waliosimama juu ya daraja, mahali ambapo mkondo ni wa kasi na tope halitulii.

Zilitegwa faneli sita za plastiki zenye kipenyo cha sentimita 36, zimepinduliwa chini ya maji na kufungwa kwenye fito, kila moja ikiwa na sirinji ya mililita 100 juu ya shingo. Tatu ziliwekwa pembeni penye tope na tatu katikati. Zilisomwa kila baada ya saa 24. Zikiachwa siku nyingi, methani huanza kuyeyuka tena kwenye maji yaliyo chini yake na kipimo hushuka.

Wastani wa faneli sita ulikuwa mililita 60 kwa siku, na nusu ya gesi hiyo ilikuwa methani. Kwa mita ya mraba ni mililita 300 za methani safi, ambazo kwa atmosfea 0.81 ni karibu milimoli 10. Mara tano ya ile iliyopimwa kwenye maji. Wastani huo unaficha mtawanyiko mkubwa. Faneli moja ya katikati ilikaa siku tatu bila kiputo, na ya pembeni karibu na mahali pa kunyweshea ng'ombe ilijaa kuliko zote.

Usiku mmoja wakulima walifungua lango na maji yakashuka sentimita 40. Asubuhi sirinji nne zilikuwa zimejaa mpaka mwisho. Uzito wa maji juu ya tope ukipungua, viputo vilivyonaswa hutoka kwa pamoja, kama soda inayofunguliwa. Namba ya siku hiyo haikuingizwa kwenye wastani kwa sababu sirinji iliyojaa haijui ni kiasi gani kilipita baada ya kujaa. Ni haki kitakwimu, ingawa maana yake ni kwamba wastani ulioripotiwa ni wa chini kuliko hali halisi ya bwawa ambalo lango lake hufunguliwa mara kwa mara.

Matokeo

Kituo cha nne, kabla na baada, kwa gramu za kaboni dioksaidi linganifu kwa mita ya mraba kwa siku, methani ikihesabiwa kuwa na uzito wa mara 27 kwa kipindi cha miaka 100:

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kaboni dioksaidi gramu 14.8 na methani 0.9, jumla 15.7. Ripoti ya mwisho ilikuwa na kaboni dioksaidi gramu 5.2 na methani 5.2, jumla 10.4.

Jumla imepungua kwa theluthi. Hilo ni jambo dogo ukilinganisha na lililobadilika ndani yake: methani imetoka asilimia 6 hadi nusu nzima, na chanzo kimehama kutoka udongo wa mashamba ya juu hadi tope la bwawa lililotengenezwa na banio lenyewe. Pendekezo la miti ya kando ya vijito lilibaki kwa sababu nyingine nzuri, lakini halikuwa tena la kwanza. La kwanza likawa kutoinua banio kabla ya kuweka lango la chini la kutoa tope, kuhamisha mahali pa kunyweshea mifugo, na kushusha maji polepole badala ya kufungua lango lote kwa mara moja.

Nitrasi oksaidi ilipimwa kwa vichupa vilevile. Ilikuwa juu kidogo ya kiwango cha uwiano mtoni na juu zaidi kwenye mfereji unaorudisha maji ya skimu baada ya kuweka mbolea, ila mchango wake kwa jumla ya mto ulikuwa mdogo.

Ofisi iliyoomba takwimu iliuliza kwa nini isitumie tu kiwango cha kawaida. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, uliorekebishwa mwaka 2019 unatoa kilo 183 za methani kwa hekta kwa mwaka kwa mabwawa madogo ya maji baridi. Vipimo vya bwawa hili, vikipelekwa kwa mwaka bila kujali misimu, vingefika karibu 700. Kikundi kilikataa kuandika namba hiyo ya mwaka, kwa kuwa wiki sita za kiangazi si mwaka.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kosa kubwa si lile la pH wala lile la kamba. Kila moja peke yake lingegunduliwa mapema kama lingegongana na kipimo kizuri. Shida ni kwamba yalikutana. pH iliyosomwa haraka, pamoja na asidi za majani, ilizidisha gesi iliyomo majini mara mbili na nusu, kamba ilizidisha gesi inayotoka kwa kiwango kilekile, na mafungu mawili ya namba mbaya yakashuhudiana. Kinga yake ni kuuliza, kabla ya kulinganisha njia mbili, kama zote zingeweza kukosea kuelekea upande mmoja. Zote mbili zingeweza, na hakuna aliyeuliza.

Kilichookoa kazi ni kipimo cha bei ya chini kuliko vyote, tena kilichokuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Uwiano wa ziada ya kaboni dioksaidi na pungufu la oksijeni hauwezi kukuambia namba sahihi, lakini hukuambia upesi kwamba namba uliyonayo haiwezekani. Ulistahili kukokotolewa kituoni, palepale, kabla gari halijaondoka.

Uamuzi wa kurudia vituo vitatu kwa njia mbili ulifaa. Wa kupima darajani tu haukufaa, na hapa lawama si ya vifaa. Daraja hujengwa mahali mto umebanwa na mkondo una nguvu, kwa hiyo anayepima madarajani anapima sehemu za mto zisizofanana na mto. Ungehitajika mtumbwi wa kukodi au, kwa kina cha mita 0.8, mabuti marefu na fimbo ya kupimia tope.

Shinikizo la mwinuko lilizingatiwa tangu mwanzo, na ni vizuri kulitaja kwa sababu wengi hulisahau. Ile chemba ya ppm 21 kwa dakika, ikikokotolewa kana kwamba iko Tanga au Mombasa kwenye usawa wa bahari, ingetoa 151 badala ya 122.

Vihisi vya bei nafuu vilivumilia, kwa masharti. Vilihitaji dakika 15 za kupata joto kabla ya kuaminika, na viwili vikiwekwa hewani pamoja vilitofautiana kwa ppm 30 hadi 40. Hilo halikuharibu kitu kwa kuwa kinachotumika ni mwendo wa kupanda, si kiwango chenyewe. Unyevu ulioganda juu ya kihisi kimoja uliharibu mizunguko miwili, ikaonekana kama gesi inashuka ghafla, na mizunguko hiyo ilitupwa. Tundu dogo juu ya beseni, linaloachwa wazi wakati wa kulitua na kuzibwa baadaye, lilizuia hewa kusukumwa majini mwanzoni.

Usiku ulishughulikiwa nusu nusu. Sehemu ya wazi chini ya skimu, yenye jua na mwani mwingi, ilipimwa saa 24 mara moja tu. Gesi ilikuwa chini kabisa saa nane mchana na juu kabisa kabla ya alfajiri, kama ilivyotarajiwa: mwani hula kaboni dioksaidi mchana na kuitoa usiku. Ulinganisho wa mito mingi ya dunia wa mwaka 2021 ulikuta utoaji wa usiku ukizidi wa mchana kwa wastani wa asilimia 27. Vituo vingine vyote vya kazi hii vilipimwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kwa hiyo kaboni dioksaidi iliyoripotiwa huenda iko chini kidogo. Ripoti ililisema hilo kwa sentensi moja. Lilistahili aya.

Masika hayakupimwa kabisa. Mafuriko ya kwanza husafisha malisho na kumwaga kinyesi na majani mtoni kwa siku chache, tope la bwawa linahamishwa au linaongezwa, na vijito vilivyokauka vinaamka. Faneli za fito haziwezi kustahimili maji hayo. Kikundi kiliacha sirinji, vichupa na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa jumuiya ya watumia maji, ili mtu wa lango achukue sampuli kila asubuhi kwa siku kumi tangu maji yatakapobadilika rangi.